Kilindini Haiko Mbali na Misikhu

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wazazi na vijana waliomaliza kidato cha nne, Wadi ya Misikhu. Tunaichapisha karibu yote kama ilivyosemwa, kwa kuwa wengi walisikiliza wakiwa nje ya madirisha.



Nimeombwa nizungumze juu ya Mombasa, na mwalimu aliyenialika alinieleza wazi kwa nini. Kila tangazo la kuandikisha makurutu wa jeshi linapokaribia, kuna watu wanaozunguka masoko yetu, hapa Misikhu, Webuye, hata Kimilili, wakisema wana "nafasi za Navy". Wanataka pesa. Kuna familia zimeuza ng'ombe. Nyingine zimeuza kipande cha shamba. Kijana anaambiwa asubiri barua ya kumwita Mtongwe. Barua haiji, na simu ya yule bwana haipatikani tena.

Ningeweza kutoa onyo, niketi, tunywe soda. Lakini onyo tumelitoa redioni, tumelibandika kwenye mbao za matangazo, na bado watu wanalipa. Mimi nadhani tatizo moja ni kwamba Mombasa kwetu ni jina tu. Ni mahali pa picha za ufuo na mtu aliyevaa sare nyeupe. Mtu asiyepajua mahali anaweza kuuziwa mahali hapo na yeyote mwenye ulimi mzuri. Kwa hiyo leo tutaenda Mombasa, bila nauli, halafu turudi kwa habari ya makurutu.

Kutoka hapa mpaka Mombasa ni karibu kilomita 900. Wazee watanicheka nikisema haiko mbali. Hata maji yetu hayaendi huko. Mvua inayonyesha Misikhu huingia Mto Nzoia, Nzoia huingia Ziwa Victoria, na ziwa humwaga katika Mto Nile. Maji yetu huenda Misri. Lakini tazameni vitu vingine. Petroli iliyo kwenye tangi la boda boda pale nje ilishushwa kutoka kwenye meli Kipevu, Mombasa, ikasukumwa kwa bomba. Bomba hilo lilifika Nairobi mwaka 1978, na Eldoret na Kisumu mwaka 1994. Mbolea mliyopanda nayo mahindi ilikuja kwa meli. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga soko la dunia, mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 madukani, na serikali ikaleta ya ruzuku, kwanza kwa shilingi 3,500, kisha mwaka 2023 kwa 2,500. Wengi wenu mlipanga foleni. Foleni hiyo mkia wake ulikuwa bandarini. Na malori yanayopita Webuye na Bungoma usiku kucha kwenda Malaba, ambayo tunayalaumu kwa vumbi na ajali, yametoka huko huko.

Mombasa ni kisiwa. Hili watu wengi wa bara hawalijui mpaka wafike. Bahari imeingia bara kwa mikono miwili na kukizunguka kisiwa pande zote. Upande wa kaskazini-mashariki ndiko kuna Mji wa Kale na bandari ya zamani ya majahazi. Upande wa magharibi maji yana kina kirefu, na ndiyo maana mahali hapo paliitwa Kilindini: penye kilindi. Kina hicho ndicho kilichofanya mji upiganiwe. Jahazi linaweza kutia nanga kwenye maji mafupi, lakini manowari na meli kubwa ya shehena zinataka kilindi, na vilindi vilivyokingwa na mawimbi hivi si vingi katika pwani yetu.

Kabla ya manowari kulikuwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, na ilileta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na India yakiwa na tende, chumvi, vyombo na nguo. Kusi hugeuka baadaye na kuyarudisha yakiwa na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Kati ya pepo hizo mbili mabaharia walikaa mjini, wakaoa, wakajifunza lugha, wakafundisha maneno yao. Kiswahili ninachozungumza sasa kimepita mikono hiyo, kikapanda na misafara hadi Mumias, hapa jirani, muda mrefu kabla ya Mzungu kujenga ofisi yake ya kwanza huko.

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alilala Mombasa usiku mmoja. Aliandika juu ya misikiti iliyojengwa kwa mbao, ndizi, malimau na samaki, na akasema nafaka za kisiwa huletwa kutoka nje. Mimi hilo la nafaka ndilo lililonishika. Karibu miaka 700 imepita, na kisiwa bado hakijilishi. Ugali unaoliwa Mombasa leo, mahindi yake mengi ni ya bara au ya meli. Mahindi ya bara yakichelewa au yakiwa na sumu kuvu, meli ndizo zinazoshinda.

Kisha wakaja Wareno. Vasco da Gama alifika Aprili 1498. Watu wa Mombasa hawakumwamini, naye hakuwaamini, akaendelea hadi Malindi alikopokewa vizuri. Mombasa ililipia. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliupiga mji na kuuteketeza. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akaurudia. Mwaka 1589 ukapigwa tena, wakati manahodha wa Kituruki walipokuwa wamepata marafiki mjini, na Wazimba wakavuka kutoka bara mwezi ule ule. Hesabuni: mara tatu kwa muda usiofika miaka mia moja, na kila mara watu walirudi wakajenga. Kisiwa hiki kinaitwa pia Mvita, na wenyeji wengi hulisikia neno vita ndani ya jina hilo. Siwalaumu.

Ngome ya Yesu, ambayo mmeiona kwenye picha, ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 sultani kijana wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea na kumbatiza, aliwageuka na kuitwaa. Wareno wakarudi baadaye. Mwaka 1696 Waomani wakaizingira. Kuzingirwa huko kulichukua miezi 33. Walio ndani hawakuuawa hasa na risasi. Waliuawa na njaa na maradhi, na kufikia katikati ya mzingiro walioishikilia ngome walikuwa zaidi Waswahili na Waafrika kuliko Wareno. Ngome ilianguka Desemba 1698. Meli moja iliyoletwa kuisaidia, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na wapiga mbizi wa mambo ya kale waliichimbua miaka ya 1970. Baadhi ya vyombo vyake vimo katika jumba la makumbusho ndani ya ngome.

Baada ya Waomani wakaja Wamazrui, waliotawala kama wenye mji mpaka Sayyid Said wa Zanzibar alipowashinda mwaka 1837. Katikati kuna kisa kidogo ambacho mwalimu wa historia atakipenda. Mwaka 1824 nahodha Mwingereza, Owen, alikubali kuiweka Mombasa chini ya bendera ya Uingereza kwa ombi la Wamazrui, akamwacha luteni kijana aitwaye Reitz awe msimamizi. Reitz alikufa kwa homa miezi michache baadaye. Serikali yake ikaikana ahadi hiyo, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Jina lake limebaki: Port Reitz, nyuma ya Kilindini. Mkisikia kondakta wa matatu akiliita, anamwita huyo marehemu.

Sasa tufike mwaka 1895, kwa sababu mwaka huo una pande mbili na wa Misikhu wanaujua mmoja. Huku kwetu ni mwaka wa Lumboka na Chetambe, Babukusu walipojichimbia kwenye ngome zao na kupigwa na bunduki za Maxim. Mlima wa Chetambe uko pale juu ya Webuye, mnauona mkielekea mjini. Mwaka huo huo Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, ikatia saini na Sultani wa Zanzibar juu ya ukanda wa pwani, na Mombasa ikawa mlango wa himaya. Mwaka huo huo pia Mbaruk wa Wamazrui aliingia msituni nyuma ya Mombasa kupigana na Waingereza hao. Babukusu hawakumjua Mbaruk, naye hakuwajua. Walikuwa wakipigwa na serikali ileile, kwa silaha zilizopanda njia ileile ya misafara.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Iliyotufikia sisi, kupitia Eldoret, Webuye, ambayo wakati huo iliitwa Broderick Falls, na Bungoma kuelekea Uganda, ni ya miaka ya 1920. Miaka hiyo hiyo gati za kwanza za maji marefu zilikuwa zinajengwa Kilindini. Kazi hizo mbili zilikwenda pamoja kwa sababu zilikuwa kazi moja: gati bila reli ni ukuta tu ndani ya maji.

Wazee wetu waliiona Mombasa kwanza kwa vita. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, Kariakoo, na wengi hawakurudi. Nje ya Ngome ya Yesu kuna mizinga miwili ya vita hivyo, mmoja wa manowari ya Uingereza Pegasus na mwingine wa manowari ya Ujerumani Königsberg iliyoizamisha Zanzibar mwaka 1914. Watoto hupanda juu yake kupiga picha.

Vita vya Pili ndivyo vilivyoifanya Mombasa mji wa wanamaji hasa. Aprili 1942 ndege za Japani zilipiga Colombo na Trincomalee kule Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na kuzamisha meli kadhaa, pamoja na manowari ya kubeba ndege, Hermes. Jeshi la majini la Uingereza katika Bahari ya Hindi, chini ya Admirali James Somerville, lilirudi nyuma mpaka Kilindini. Ghafla bandari yetu ikawa kambi ya manowari kubwa. Wavunja-siri waliokuwa wakisoma ujumbe wa redio wa Wajapani walihamishiwa Mombasa na kuwekwa katika shule ya Allidina Visram, wakabaki hadi mwaka 1943. Shule hiyo ipo hadi leo na ina wanafunzi. Ndugu zangu walimu, fikirieni darasa lenu likichukuliwa kwa kazi kama hiyo.

Kuna meli moja ambayo ningependa kila shule ya kaunti hii iijue jina. Iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mapema Februari 1944 ikielekea Colombo, imebeba watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Katika familia zetu za magharibi bado kuna nyumba zinazosema "kuka alienda Bama, hakurudi", bila kaburi wala tarehe. Wengine walifia msituni Burma kweli. Lakini kabla ya Burma kulikuwa na bahari, na bahari hiyo ilianzia Kilindini. Mwenye barua au medali ya zamani ndani ya sanduku, asiitupe. Njoo nayo ofisini tuinakili, urudi nayo nyumbani.

Vita vilipokwisha, wafanyakazi wa gatini walibaki na mishahara midogo na nyumba za kubanana. Wengi walikuwa vibarua. Neno lenyewe ni la pwani: kibarua ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu kuhesabiwa siku zake za kazi. Januari 1947 mji mzima uligoma, kuanzia gatini na relini hadi hotelini na majumbani. Kiongozi wao mkubwa, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1955 wakagoma tena, na kijana aitwaye Tom Mboya akapata jina kwa kuwapatanisha na waajiri. Tunapozungumzia uhuru tunazoea kutaja msitu tu. Gati pia ina haki ya kutajwa.

Jeshi la Wanamaji la Kenya liliundwa tarehe 15 Desemba 1964, mwaka mmoja na siku tatu baada ya uhuru. Kabla yake kulikuwa na jeshi la majini la pamoja la Afrika Mashariki lililokuwa na makao Mombasa, likavunjwa mwaka 1962. Letu lilianza na boti chache za doria. KNS Simba ilifika mwaka 1966. Makao yako Mtongwe, ng'ambo ya Kilindini upande wa kusini, na kuna kambi nyingine Manda, Lamu. Kwa miaka mingi watu waliwaona wanamaji kama watu wa gwaride tu. Septemba 2012 walipeleka vikosi ufuoni Kismayu, Somalia, usiku, na mji ule ukatoka mikononi mwa al-Shabaab. Mwaka 2000 Jenerali Joseph Kibwana, mwanamaji, alikuwa wa kwanza kutoka jeshi hilo kuwa mkuu wa majeshi yote ya Kenya. Tangu mwaka 2018 kuna pia Kikosi cha Walinzi wa Pwani, ambacho ni kitu tofauti. Msichanganye viwili hivi mkisoma matangazo.

Nizungumze kidogo juu ya mji wenyewe, maana kijana wa Misikhu akishuka kwenye basi alfajiri hatakutana na historia. Atakutana na joto. Nilifanya mafunzo ya kazi Mombasa nikiwa mwanafunzi wa uanahabari, na wiki ya kwanza nilitembea kama mtu wa Misikhu, haraka haraka, jasho likinitiririka, na watu wakinipisha njia kwa huruma. Huko mtu hutembea kwa kipimo. Na husalimia kwanza. Ukiingia dukani ukaanza na "nipe sukari", utapewa sukari, lakini umejitambulisha kuwa huna adabu. Mwanamke wa umri wa mama yako unamwamkia "Shikamoo". Jibu ni "Marahaba". Huku kwetu neno hilo tunaliona la kitabuni. Kule linafanya kazi kila asubuhi. Kiswahili chao nacho si kile cha mitihani. Mtu wa Mji wa Kale atakwambia "yuwaja" pale wewe ungesema "anakuja", na ukimsahihisha utakuwa umemkosea mwenye lugha.

Asubuhi kuna mahamri na mbaazi, jioni kuna viazi karai na kahawa chungu barazani, na barazani ndiko habari za mji husikika kabla sisi waandishi hatujazipata. Maji ya bomba hukosekana mitaa mingi; mji uliozungukwa na maji huleta ya kunywa kutoka Mzima na Baricho, mbali kabisa. Kwenda Mtongwe au Likoni unavuka kwa feri. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iitwayo Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaa watu waliokuwa wakienda kazini, wakafa watu 272. Kwa hiyo ukiambiwa na mhudumu wa feri usisukume, usisukume.

Kuna jambo gumu zaidi, na sitalipita. Mwaka 1997, Agosti, Likoni kulikuwa na mashambulizi, na waliolengwa walikuwa wabara, Waluhya wakiwemo. Watu wa kaunti hii walirudi na mabunda kichwani. Chini ya mambo hayo kulikuwa na siasa za uchaguzi, lakini pia malalamiko ya kweli ya pwani: ardhi isiyo na hati mikononi mwa wenyeji, na kazi za bandarini kwenda kwa wageni. Kijana wetu anayekwenda kutafuta kazi Mombasa aingie akijua kwamba mwenyeji wake naye ana kijana nyumbani asiye na kazi. Haimzuii kwenda. Inambadilisha namna anavyozungumza akifika.

Na kazi za bandari si nyingi kama zinavyosimuliwa. Mwaka 2024 bandari ilipitisha zaidi ya tani milioni 40 za shehena, lakini mashine ndizo zinazoinua, si migongo. Mwaka 2019 makasha yalipoamriwa kupanda reli mpya hadi Nairobi, madereva wa malori na wauza chakula wa kando ya barabara walikaa bila kazi mpaka agizo lilipoondolewa mwaka 2022. Mlango huo hufunguliwa na kufungwa kwa karatasi ya mtu aliye ofisini.

Haya. Makurutu.

Jambo la kwanza: mwanamaji wa Kenya haanzii Mtongwe. Makurutu wa jeshi lote, wa nchi kavu, wa anga na wa majini, hufunzwa kwanza Moi Barracks, Eldoret. Eldoret hii hii, safari ya asubuhi moja kutoka hapa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha barua inayosema kurutu mpya aripoti moja kwa moja Mtongwe, hilo pekee linatosha kukufanya ushike mfuko wako.

Jambo la pili: kuandikishwa ni bure. Wizara ya Ulinzi hutangaza magazetini na kwenye tovuti yake tarehe na uwanja wa kila eneo, na shughuli hufanyika hadharani, mchana, mbele ya watu. Kwa makurutu wa kawaida wanatakiwa raia wa Kenya wenye umri wa miaka 18 hadi 26, kimo kisichopungua mita 1.60, afya nzuri, na wasio na rekodi ya uhalifu. Alama za shule na mambo mengine hutajwa katika tangazo la mwaka huo. Lisome lenyewe, usisomewe na mtu wa sokoni. Njoo na kitambulisho na vyeti vyako halisi, si nakala. Meno yanaangaliwa, miguu inaangaliwa, mbio zinakimbiwa. Hakuna kanali anayeuza nafasi kwa simu. Anayetoa pesa naye anavunja sheria sawa na anayepokea, na wapo waliokamatwa uwanjani na barua bandia mkononi wakidhani wameajiriwa.

Wasichana, hamjaachwa nje, mnaandikishwa siku ileile katika uwanja uleule. Na kuogelea? Nimeulizwa na watu watatu kabla sijapanda hapa. Kuogelea hufundishwa. Kukimbia ndiko utakakokuja nako kutoka nyumbani, na barabara ya kwenda Brigadia haidai kiingilio.

Bahari ina milango mingine pia. Chuo cha Bandari Maritime Academy kiko Mombasa, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vilevile. Anayetaka kufanya kazi kwenye meli za biashara anahitaji mafunzo ya usalama baharini yenye cheti kinachotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya. Bila cheti hicho hakuna meli halali itakayokuchukua, hata uwe na ujasiri gani. Mtu akikupa "kazi ya meli Dubai" bila kukuuliza cheti, mwulize yeye jina la wakala wake, kisha mpeleke kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira mjue kama amesajiliwa. Wengi huishia hapo hapo.

Waliokwisha kulipa, msione haya. Leteni ujumbe wa simu na risiti za kutuma pesa kwa chifu au kituo cha polisi. Msifute kitu chochote kwenye simu, hata kama kinawaaibisha. Ofisi yetu itasaidia kuandika taarifa kwa wasioweza kuandika, na hiyo pia ni bure.

Naona mikono. Tuanze na yule mama mwenye leso ya kijani, halafu kijana aliyesimama mlangoni.